Mwalimu Tabitha Muthoki na Ubao wa "Malalamishi ya Polisi"

Tarehe 31 Desemba 2008 Mwalimu Tabitha Muthoki atastaafu, baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na miwili. Kumi na sita kati ya miaka hiyo ameitumia hapa shuleni kwetu Kitengela. Mwalimu Mkuu ameomba Chama cha Kiswahili kiandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa, nasi tumewauliza walimu, fundi Kivuva na watu waliokaa na Mwalimu katika kamati. Pale walipotofautiana, tumeandika yale ambayo wengi waliyakubali.

Mwalimu Muthoki alizaliwa mwaka wa 1953, akasomea ualimu, na mwaka wa 1976 akatumwa Ewuaso Kedong akiwa hajui neno hata moja la Kimaasai. Siku ya kwanza watoto walipomjia kumsalimu, waliinamisha vichwa mbele yake ili awaguse utosini, kama ilivyo desturi. Yeye alidhani wamepoteza kitu. Akainama pia, akaanza kutafuta pamoja nao. Watoto wale sasa ni watu wazima wenye familia, na wakikutana naye sokoni Bisil bado humuuliza kama alikipata.

Kutoka Ewuaso Kedong alihamia mji wa Kajiado mwaka wa 1984, na mwaka wa 1992 akaletwa hapa. Wakati huo shule ilikuwa na madarasa manne, na asubuhi nyumbu walikuwa wakila nyasi kwenye uwanja wa magongo. Walimu wengine waliwafukuza kwa mawe. Mwalimu Muthoki aliwatoa wanafunzi wake nje na kuwaambia waandike insha kabla nyumbu hawajaondoka. Mwalimu wa hisabati anasema kwamba insha za mwaka ule zilikuwa nzuri kuliko za miaka yote, na kwamba hisabati haikufundishwa vizuri asubuhi hizo.

Sisi wanafunzi tunamwita Madam Utata, na yeye anajua. Jina hili limetokana na somo analolipenda zaidi, la sentensi zenye maana zaidi ya moja. Kila msichana aliyepita mikononi mwake anaweza kueleza maana mbili za sentensi yoyote, hata ya matangazo ya redio. Mtihani wa taifa ukija na swali la utata, shule yetu hailiogopi. Miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2005, tuliongoza katika Kiswahili wilayani, na Mwalimu hakusema lolote zaidi ya kutukumbusha kwamba alama hazisahihishi insha inayofuata.

Lakini wengi wenu mliokuja leo hamkuja kwa sababu ya mtihani. Mmekuja kwa sababu ya kamati, na habari ya kamati inaanza na mbao.

Mwaka wa 1994 fundi wa shule yetu, Bwana Kivuva, alikuwa akisukuma mkokoteni wenye mbao mpya za kutengenezea madawati. Njiani alisimamishwa na askari polisi. Kabla hajamaliza kueleza, alipigwa mpaka kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kisha akafungiwa kituoni kama mwizi wa mbao. Kituo hicho si lazima tukitaje. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alipeleka risiti za mbao, Kivuva akaachiliwa, na mambo yakaonekana kuwa yamekwisha. Mwalimu Muthoki hakuona hivyo. Alirudi kituoni peke yake ili aandikishe malalamishi. Askari aliyekuwa mezani alifungua kitabu, akashika kalamu.

"Unamlalamikia nani?" akauliza.

"Wewe," Mwalimu akasema.

Askari aliandika kidogo, kisha akaweka kalamu chini. "Sawa, Madam. Nimesikia. Enda nyumbani, nitajichunguza."

Kuanzia mwaka ule, Mwalimu akifundisha kiambishi "ji", mfano wake wa kwanza ubaoni huwa ni neno "jichunguza". Wanafunzi wa miaka mingi walinakili neno hilo wakidhani ni mfano tu kama mifano mingine.

Fundi Kivuva alirudi kazini na akajifunza kupiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Mkono ulizoea, lakini jina halikuzoeleka. Watu wa mtaani walianza kumwita Mbao. Akiingia dukani, mwenye duka alimfuata kwa macho. Harusi ikihitaji viti, aliitwa fundi mwingine, wa mbali. Yeye mwenyewe anasema kwamba maumivu ya mkono yalimwacha baada ya mwaka mmoja, bali lile jina aliamka nalo kila siku. Alichotaka ni kitu kimoja tu, yule aliyempiga aseme mbele ya watu kwamba yeye si mwizi. Na hapakuwa na mahali pa kumpeleka askari ili aseme hivyo, isipokuwa kwa askari wenzake.

Mwaka wa 2003 watu walianza kusema mambo waliyokuwa wakiyanong'ona. Makanisa, msikiti na wafanyabiashara wa Kitengela waliamua kuunda kamati ya raia ya kusikiliza watu waliotendewa vibaya na polisi. Sharti lao lilikuwa kwamba asiwemo polisi, diwani wala afisa yeyote wa serikali. Kamati haikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kazi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza pande zote mbili, kuandika ukweli kadiri ulivyoonekana, na kuupeleka kwa wakubwa wa polisi bila kuchoka mpaka wajibu. Mwalimu Muthoki alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Bwana Lesiamon, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye ndiye aliyempendekeza, alisema, "Huyu amezoea wasichana mia tatu wakisema pamoja. Sisi tutakuwa likizo kwake."

Chumba kilitolewa na Mwalimu Priscilla, ambaye anafundisha shule ya chekechea ya kanisa. Kilikuwa kizuri, kina madirisha na picha za wanyama ukutani. Shida yake ilikuwa viti. Vilikuwa viti vya watoto wa miaka mitano, na wanakamati wote walikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Bwana Lesiamon, ambaye ni mrefu kuliko mlango, ndiye aliyeteseka zaidi.

Ukabaki ubao wa nje wa kuwaelekeza watu. Kivuva alitengeneza ubao na kuupaka rangi, na Mwalimu, kwa kuwa ndiye mtu wa Kiswahili, akaombwa atunge maneno. Alitunga haya: KAMATI YA RAIA. MALALAMISHI YA POLISI. KARIBUNI JUMAMOSI.

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu, na ya pili pia. Ya tatu mlango ulibishwa, akaingia kijana aliyevaa sare kamili, kofia mkononi. Alikuwa konstebo Nalianya, askari aliyekuwa amehamishiwa huku kutoka magharibi. Mwalimu Priscilla anakiri kwamba aliangalia dirisha lipi liko wazi.

"Ndiyo, afande?" Mwalimu Muthoki akasema. "Umetumwa kutufunga?"

"Hapana, Mwalimu. Nimesoma ubao. Unasema malalamishi ya polisi. Mimi ni polisi. Niko na malalamishi mingi."

"Mengi," Mwalimu akasema, kwa mazoea tu.

"Hata hayo mengi niko nayo."

Bwana Lesiamon alicheka mpaka kiti kidogo kikamwangusha. Mwalimu Muthoki hakucheka mara moja. Alitoka nje, akausoma ubao wake upya kama anayesahihisha karatasi ya mtihani, akaona. Maneno yake yalikuwa na maana mbili. Aliyefundisha utata kwa zaidi ya robo karne alikuwa ameuandika kwa herufi kubwa, ukasomwa na mji mzima, na mji mzima ulikuwa umeelewa kwamba polisi wamefunguliwa ofisi nyingine.

Alirudi ndani, akamwambia Nalianya aketi. Bwana Lesiamon alisema kwa sauti ya chinichini kwamba huyu si mteja wetu. Mwalimu akamjibu kwamba ubao umemwita, naye ameitika, hivyo atasikilizwa.

Malalamishi ya Nalianya yalikuwa ya nyumba. Yeye na mke wake waliishi chumba kimoja na familia ya askari mwenzake, katikati pametundikwa shuka. "Mtoto wa mwenzangu akikohoa, mimi ndiye naamka kumpa maji," alieleza. "Mke wangu akinikasirikia, anakasirika kwa kunong'ona. Hiyo ni mbaya kuliko kelele." Aliomba pia viatu, kwa sababu alivyokuwa navyo vilikuwa vya mtu mwenye miguu mikubwa. Kamati iliandika yote, ikayapeleka kwa wakubwa. Baada ya miezi kadhaa shuka ilibadilishwa na ukuta.

Baada ya hapo walikuja askari wengine. Na raia walipoona kwamba hata polisi anaketi kwenye kiti cha mtoto na kueleza shida zake, nao wakaanza kuja. Walikuja wachungaji wa Bisil walionyanyaswa barabarani wakiwa na mifugo yao, wakaja akina mama wa vibanda vya mboga. Ubao ulirekebishwa kwa kuongezwa maneno, ukawa MALALAMISHI YA POLISI NA DHIDI YA POLISI, nasi katika Kidato cha Pili hufundishwa sentensi hiyo na mwandishi wake mwenyewe.

Mwaka wa 2004 kituo kilipata mkuu mpya, Inspekta Githongo. Kila tuliyemuuliza anasema alikuwa mtu mzuri, na wema wake ndio ulioiweka kamati hatarini. Alikuja Jumamosi moja akiwa na zawadi. Alisema amefurahishwa na kazi yao, naye ametenga chumba ndani ya kituo, chenye umeme, kabati la kufunga, na viti vya kawaida vyenye mahali pa kuegemeza mikono. Yeye angekuwa mwenyekiti ili maneno yafike haraka kwa wakubwa, na Mwalimu angekuwa msaidizi wake.

Siku hiyo malalamishi ya Kivuva yalikuwa yamekwisha kupokelewa, na yalikuwa yakingoja kusikilizwa. Yule askari wa mwaka wa 1994 alikuwa sasa koplo katika kituo hicho hicho. Kivuva alikuwa ameketi nyuma, akisikia kwamba jambo alilolingoja miaka kumi lingesikilizwa ndani ya ukuta ule ule, na mkubwa wa askari yule yule.

Mwalimu alikataa, lakini wenzake walikuwa wamechoka. Mikono ilianza kuinuliwa kukubali, na wa kwanza ulikuwa wa Bwana Lesiamon. "Mwalimu, utanisamehe," alisema. "Nimeuza mbuzi waliolala vizuri kuliko ninavyoketi hapa."

Ndipo Nalianya, ambaye alikuwa amekuja bila sare kuuliza habari za viatu vyake, akasimama.

"Afande, naomba kusema."

"Sema, Nalianya."

"Malalamishi yangu hapa bado hayajaisha. Mkihamia kituoni, siku hiyo hiyo yataisha. Ukiniuliza shida yangu mbele ya meza yako, nitakuambia sina shida, afande. Nitapiga saluti, niende."

Mwalimu Priscilla akasema, "Sasa kama mwenye kituo anaogopa kituo, Kivuva ataingia na miguu gani?"

Bwana Lesiamon alishusha mkono wake polepole, na mikono mingine ikaufuata. "Basi," alisema. "Magoti ni yangu, nitajua la kuyafanyia."

Mwalimu Muthoki akamgeukia Inspekta. "Afande, tunashukuru kwa chumba. Lakini hapa utakuja ukiitwa, na utaketi upande wa wanaojibu."

Inspekta Githongo alikitazama kiti alichoonyeshwa, chenye picha ya sungura mgongoni. "Kwa hiki?"

"Hicho hicho."

Inspekta alicheka, na kwa kuwa mkubwa amecheka, wote wakacheka. Wengi walihofia kwamba Nalianya angehamishwa mbali kwa maneno yale. Hakuhamishwa. Alipata hata viatu.

Fundi Kivuva alifurahi kiasi cha kujitolea kuitengenezea kamati mabenchi ya watu wazima. Mwalimu alikataa. Alimwambia kwamba kamati haiwezi kuketi juu ya zawadi ya mlalamikaji huku ikimsikiliza. "Ukishasikilizwa, fundi, leta hata kabati," alimwambia. Wanakamati wakabaki na viti vya chekechea kwa miezi mingine, na Bwana Lesiamon anasema kwamba hapo ndipo alipoelewa kwamba mwenyekiti wao ni mtu wa hatari.

Malalamishi ya Kivuva yalisikilizwa mwaka wa 2005, naye Mwalimu siku hiyo hakuwa mwenyekiti. Alieleza kwamba yeye alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ya kituoni, kwa hiyo ni shahidi, na shahidi hawezi pia kuwa mwamuzi. Alimwachia Mwalimu Priscilla nafasi yake, akaketi pamoja na mashahidi. Inspekta Githongo aliitwa, akaja, akaketi juu ya sungura. Alimleta koplo.

Koplo, ambaye Kivuva ameomba tusiandike jina lake, alianza kwa kusema hakumbuki. Mwalimu Muthoki aliposhuhudia jinsi alivyoambiwa "nitajichunguza", koplo akasema kwamba anakumbuka.

"Niliona mbao mpya na mtu amechoka. Sikuuliza risiti. Nilipiga kwanza," alisema. "Mbao zilikuwa za shule. Huyu si mwizi."

"Rudia," Kivuva akasema. "Kwa sauti ya kufika mlangoni."

Mlangoni na madirishani walikuwa wamesimama watu wa mtaa, wenye maduka wakiwamo. Koplo alirudia. Taarifa ya kamati ilikwenda kwa wakubwa, naye koplo akachukuliwa hatua za nidhamu, lakini Kivuva anasema kwamba alichokuja kutafuta alikuwa tayari amekipata. Jumatatu iliyofuata mwenye duka alimwita Fundi, na tangu siku hiyo hatujasikia mtu akimwita Mbao. Wiki hiyo hiyo akaleta mabenchi.

Yako mambo mengi ambayo hayataenea katika ukurasa huu. Mwanzoni mwa mwaka huu, nchi ilipokuwa na huzuni baada ya uchaguzi na majirani wakiogopana, kamati haikufungwa hata Jumamosi moja. Wakati huo huo Mwalimu alikuwa akisahihisha insha zetu na kuzirudisha kwa siku aliyoahidi. Hivi karibuni tumesikia redioni kwamba serikali imetangaza bodi ya raia ya kuangalia mwenendo wa polisi nchi nzima. Tulimkimbilia Mwalimu kumpa habari. Alifurahi, kisha akauliza swali moja tu, yaani bodi hiyo itaketi wapi.

Mwezi wa Septemba alijiuzulu uenyekiti. Wengi walimwomba aendelee, maana akistaafu shuleni atakuwa na nafasi. Alisema kwamba wamewaomba polisi wakubali kuangaliwa na wengine, kwa hiyo na kamati isizoee mtu mmoja. Uchaguzi ulifanywa hadharani, na Mwalimu Priscilla akachaguliwa.

Mwezi wa Oktoba basi letu la shule lilikuwa likirudi kutoka mashindano ya ushairi mjini Kajiado. Askari alilisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, akatuweka juani kwa muda mrefu bila sababu, na akamjibu Mwalimu Muthoki kwa ukali alipouliza kosa ni lipi. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikwenda kwenye kamati. Aliingia moja kwa moja kama alivyozoea, akaanza kueleza.

"Mwalimu," Mwalimu Priscilla akasema, "kuna foleni."

Ilikuwapo kweli. Mbele yake walikuwa mama mmoja aliyechukuliwa mbuzi wake, na kijana wa kazi ya mawe. Mwalimu Muthoki alitoka nje, akaketi nyuma ya yule kijana, akangoja. Zamu yake ilipofika, alieleza yote, nao wakaandika. Alipomaliza alitazamia kusikia kamati itafanya nini na askari huyo.

"Tumesikia upande wako," Mwalimu Priscilla akamwambia. "Sasa tutamwita naye tumsikie, ndipo tujue tunaamini nini."

Waliomwona akitoka wanatuambia kwamba alikuwa akitabasamu peke yake njia nzima hadi shuleni, na kwamba Jumatatu alifundisha vizuri kuliko kawaida.

Mwalimu, kwa niaba ya wanafunzi wa sasa na wa zamani, walimu na wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa kila insha uliyoirudisha ikiwa nyekundu na kwa kila sentensi uliyotufundisha kuitazama mara mbili. Kule Mashuuru unakokwenda kuishi kunakungoja shamba, mbuzi wako na wajukuu. Tunakuombea afya na mvua ya kutosha. Nenda ukaishi vyema huko, kama raia yeyote.